Sinia Halirudi Tupu

Basi la Tanga kwenda Mombasa hujaa wanawake. Kila mmoja ana lake: harusi, hitima, mgonjwa, leso za kununua Biashara Street, binti aliyeolewa Majengo ambaye sasa amejifungua na anamtaka mamake. Lami ya kilomita 65 kutoka Tanga mjini hadi Horohoro huisha kabla mazungumzo hayajakolea. Mpakani mnateremka, mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja, mnapanda tena, na upande wa Lungalunga minazi ni ileile, mikorosho ileile, na Kidigo kinachosemwa na wauza korosho dirishani ni kilekile. Mama aliyekaa kando yangu, ndoo yake ya samli kaibana kati ya miguu, aliniuliza nafikia kwa nani. Nikamwambia kwa wanawake ambao sijawahi kuwatia machoni.

"Mwanangu, umewajuaje sasa?"

"Kwenye simu, mama."

"Haya," akasema, kwa sauti ile ambayo mtu mzima huitumia anapokuwa na mengi ya kusema na ameamua kukuhurumia.

Hakuwa na kosa. Niliokuwa nawafuata ni kina mama na mabinti wa pwani ya Kenya wanaosimulia maisha yao ya kila siku kwa simu. Hakuna kati yao aliye maarufu. Mmoja hupika huku akiongea. Mwingine, mkaazi wa Likoni, hushona na kueleza anavyolea watoto peke yake miezi ambayo mume yuko melini. Wa Malindi ana mtoto mwenye selimundu, na huandika juu ya usiku wa maumivu na asubuhi za foleni ya hospitali, kwa lugha nyepesi, bila kujililia. Walianza kwa kutazamana, wakaja wakaandikiana, wakaja wakachangiana mtu akifiwa, mwishowe wakaunda chama chenye daftari, katibu, na faini kwa wanaochelewa. Mimi niliingia kwa mlango wa uani: niliuliza kwa nini mahamri yangu hayafuri, nikajibiwa na umati, na tangu hapo sijatoka.

Begini nilikuwa na kitabu. Kinaitwa Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichoandaliwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel; kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Ndani yake wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao wenyewe, kwa maneno yao, kama walivyorekodiwa miaka ya 1970. Bi Kaje wa Mwenye Matano alizaliwa yapata mwaka 1890 katika waungwana wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya wenyeji wa Mvita. Mishi wa Abdala alitokana na wazee walioletwa Mombasa utumwani. Shamsa Muhamad Muhashamy, mdogo wao, alizaliwa mwaka 1919. Wanazungumzia kuolewa na kuachwa, harusi, ngoma, kukua kwa binti, nani alipika nini na nani hakualikwa. Nilikisoma zamani kama historia. Safari hii nilitaka kukisoma palepale mjini, huku nikiwasikiliza wajukuu wa mji huohuo wakisimulia ya kwao.

Likoni ni Likoni. Feri haimtozi mtu wa miguu, kwa hiyo mji mzima huvuka pamoja: wafanyakazi wa mahoteli wanaorudi, wanafunzi, kina mama wenye mabeseni ya maembe, na mtu mmoja lazima awe na mbuzi. Upande wa pili nilipanda tuktuk hadi Mji wa Kale.

Mwenyeji wangu anakaa Kibokoni, ghorofa ya kwanza, ngazi zilizosimama wima kiasi kwamba unapanda ukishika ukuta. Ndiye yule anayepika huku akiongea. Alinipokea kana kwamba tumelelewa pamoja, akanipa maji ya ukwaju, akanionyesha mahali pa kulala, kisha akaniambia, "Alfajiri nakaanga. Ukitaka kuona, amka. Ukitaka kulala, lala, shoga, hapana atakayekusumbua."

Niliamka. Unga alishaukanda usiku, kwa tui zito la nazi, sukari, hamira na iliki aliyoitwanga mwenyewe, akaufunika kwa kitambaa. Asubuhi ulikuwa umepanda hadi kwenye ukingo wa beseni. Alikata madonge, akayasukuma duara, akayakata kila moja mara nne kwa kisu kisichokuwa na meno. Simu aliisimamisha juu ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa mpira wa nywele wa bintiye, jicho lake likiangalia karai na mbao ya kusukumia. Ndani ya picha mna mikono yake yenye hina, ukingo wa leso, mafuta yanayochemka. Uso haumo. Haujawahi kuwamo hata mara moja.

"Mume alikubali mikono na sauti," aliniambia akiwa ameizima simu kwanza. "Lakini hata angekubali uso, nisingeutoa. Uso n'wangu."

Kisha akaiwasha tena na kuendelea. Alieleza kwamba hamri likishaingia kwenye mafuta hulitazami tu. Unalimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, haraka haraka, ndipo linapofura. Kumbe hilo ndilo lililonikosesha raha mwaka mzima. Na katikati ya maelezo ya upawa alipitisha mambo mengine, bila kubadilisha sauti: gesi imepanda tena, mtoto wa kati anasingizia tumbo kila siku ya madrasa, jirani amehamia Kisauni na sasa ngazi ni kimya. Hakukuwa na siri iliyotoka. Aliniambia ana sheria moja: siku ya ugomvi nyumbani, simu haiwashwi, hata kama unga umeshakandwa.

Mavyaa wake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akisonya. "Moto mwingi huo." Baada ya dakika moja: "Yaungua hilo la kando." Zamani mwenyeji wangu alikuwa akizifuta sauti hizo kabla ya kutuma. Siku moja alisahau, na wanawake kutoka Lamu hadi Muscat wakamwandikia kumuuliza huyo bi mkubwa ni nani na kwa nini hajawahi kusikika. Sasa mavyaa huvaa leso safi kila asubuhi ya kukaanga, ingawa haonekani, na nimemwona kwa macho yangu akisafisha koo kabla ya kusonya.

Tulipokuwa tunakula, mahamri na mbaazi za nazi, nilimuuliza bi mkubwa haoni vibaya mambo ya nyumbani kwake kusikika na watu asiowajua. Ni lawama tunayoisikia kila mahali: simu imewafanya wanawake waanike ya ndani. Alinijibu kwa swali.

"Kwani zamani hayakusikika?"

Nikatoka na hilo swali kwenda mjini. Ukipita Ndia Kuu mchana, ukaupita Msikiti wa Mandhry uliojengwa yapata mwaka 1570, utaona baraza zote zina wanaume. Wamekaa na kahawa tungu, wanazungumza siasa na mpira, na mgeni anaweza kuamini kwamba mji huu umezungumzwa na wao tu. Wanawake walizungumzia wapi? Juu ghorofani, uani, jikoni kwa mwenye harusi, na, kinyume cha tunavyodhani, barabarani hadharani, kwenye ngoma.

Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wanaosimama safu, nguo moja, miili imetulia, mikono ndiyo inayosema. Lakini ngoma ilikuwa sehemu tu. Nyuma yake kulikuwa na chama chenye vyeo, michango na wapinzani wake. Mwanamke alipanda cheo kwa kuwalisha wenzake: anachinja, anapika, anawaita, na jina lake linatangulia. Vyama vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Na nyimbo hizo zilibeba ya ndani. Aliyefanya aibu aliimbwa. Strobel, katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, anaonyesha jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi ya nyimbo: utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907, na katika vyama hivyo waungwana na wale ambao wazee wao walikuwa watumwa walisimama safu moja. Si kwamba utukufu wa nasaba ulikwisha. Ulikuwapo, na uliumiza. Lakini mwanamke ambaye hangeweza kuolewa wala kuozesha kwenye nyumba fulani aliweza kuila biriani ya nyumba hiyo, na wao wakaja kula yake.

Na kabla ya lelemama? Mwaka 1858, kwenye visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi wa namna ya kukaa na mume, kupanga nyumba, kujipamba, kushika dini. Leo tunaufundisha shuleni kama fasihi ya kale, tunabishana kama unamkandamiza mwanamke au unamfundisha werevu. Ni sawa, tubishane. Lakini alikuwa mama mgonjwa anayemweleza mwanawe mambo ya chumbani na jikoni, na hakuufungia sandukuni. Aliwaita wanawake wengine nao wausome. Ukiutazama hivyo, mwenyeji wangu na upawa wake hawajazusha jambo.

Biashara Street niliingia kwa shughuli nyingine, nikajikuta kwenye mada ileile. Ndiko leso zinakouzwa tangu enzi za babu zetu; duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla kila mwanamke wa pwani anaijua, lilianza mwaka 1887. Wauzaji hukunjua jozi moja baada ya nyingine, unaangalia pindo, unaangalia mji, lakini mkono wa mnunuzi huenda moja kwa moja kwenye jina, yale maandishi yaliyo chini. Nilimwona binti mmoja akitafuta leso ya kumpelekea wifi yake. Rangi alishazipata tatu nzuri, zote akazikataa, kwa kuwa maneno hayakufika alipotaka yafike. Muuzaji, mzee wa Kihindi mwenye subira, alimuuliza tu: "Mmepatana au bado?" Alipojibiwa bado, akapanda ngazi kuchukua bunda jingine. Nje ya duka mafundi wenye cherehani za kukanyaga walikuwa wanazipinda leso hapohapo, watu wakisubiri. Mambo ya mawifi yanapigwa chapa kwa maelfu na kutembezwa migongoni mwa watu, na hapana anayesema leso imeharibu wanawake.

Alasiri ya Jumapili ndiyo ilikuwa ya mkutano. Nyumba ilikuwa Kuze, ya mwanachama mwenye sebule kubwa. Ngazi zilijaa kandambili na viatu vya visigino, mabuibui yametundikwa kwenye misumari ya mlango, na ndani mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta. Kila aliyeingia aliingia na chombo: viazi karai na ukwaju wake, kaimati, mkate wa sinia, samaki wa kupaka, katlesi, na biriani ya sinia mbili kubwa kutoka kwa wenye zamu. Mimi nilikuja na halwa ya kununua, na nilisamehewa kwa kuwa ni mgeni.

Wengi walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza au ya pili. Nilidhani watatambuana kwa majina wanayotumia kwenye simu. Haikuwa hivyo. Wa Malindi alipoingia wachache tu ndio waliogeuka, hadi aliposema "Masalkheri nyote," na chumba kizima kikapiga vigelegele, maana sauti ile wanaijua, wameisikia usiku wa manane ikisema mtoto leo kalala. Mshonaji wa Likoni alitambuliwa kwa kidole chake cha shahada kilichochomwa na sindano mpaka kimekuwa kigumu. Mwenyeji wangu alitambuliwa kwa mikono, dada mmoja aliishika, akaigeuza, akaitazama, akasema, "Hii ndiyo iliyonifundisha mimi kupika." Watu wasiowahi kuonana nyuso walikuwa wanajuana vidole, pete, namna mtu anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito.

Katibu alifungua kwa Fatiha, akaombewa dua mama wa mwanachama mmoja, mama aliyefariki mwezi uliopita. Kisha daftari. Nimehudhuria mikutano ya wasomi isiyokuwa na nidhamu hii. Michango iliyopita kwa M-Pesa ikasomwa jina kwa jina. Waliochelewa wakatozwa palepale, na kujitetea kwamba feri ilijaa hakukusaidia kitu, kwa kuwa feri hujaa kila siku. Ikasomwa nani alikwenda kwenye maziko, nani hakwenda na ana udhuru gani. Yule wa Malindi alisimama kushukuru. Mtoto wake alipolazwa, watazamaji walimwandikia pole kwa mamia, na hakuidharau hata moja. Lakini waliopokezana kulala naye kwenye sakafu ya wodi, waliomletea uji kwenye chupa ya chai na kanga safi, ni baadhi ya hawa waliokuwa chumbani.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho maneno matamu ya umoja na upendo huwa yanakificha. Kilichowaleta hawa pamoja kilikuwa kusimuliana, kweli. Kinachowashika ni deni. Umekuja kwenye hitima yangu, nami nitakuja kwako. Umenilisha, nitakulisha. Kwenye nyumba za pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utatia hata tende mbili, hata ndimu. Anayekutazama kwenye simu hakudai chochote nawe humdai, mnaweza kupendana hivyo miaka kumi na siku moja mkapoteana bila mtu kuuliza. Lelemama ilikuwa na uimbaji, lakini ilidumu kwa sababu kila karamu ilizaa karamu nyingine. Hata karamu zilipoonekana zimepitwa na wakati, ule mtandao haukufa. Wanawake wa Mombasa walihamia kwenye vyama vya namna mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, wakishughulikia elimu na maslahi ya wanawake. Na kama ilivyokuwa kwenye ngoma, vyama vilikuwa viwili na vilishindana.

Kwetu Tanganyika mambo yalikwenda njia iyo hiyo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam kabla hajawa mtu wa siasa. Chama cha TANU kilipotaka wanawake mwaka 1955, hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja; aliwaendea viongozi wa ngoma, na viongozi wakaja na watu wao. Susan Geiger aliyaandika haya kwa kuwasikiliza wanawake wenyewe wakisimulia maisha yao. Tunapenda kusema chama cha siasa kiliwaamsha wanawake. Mimi naona chama kilikuta watu wameshaamka, wameshapanga nani anadaiwa nini, kikawaomba wahamishe daftari.

Ila deni lina makali yake, na mkutano ule haukuficha. Kulipofika kipengele cha sare, hewa ilibadilika. Desturi ni kwamba kila mkutano mkubwa huwa na leso au dera moja la wote. Dada mmoja wa Mikindani, mchekeshaji wao, ambaye husimulia vituko vya kuuza samaki wa kukaanga kituo cha matatu, hakuwapo. Aliwaandikia kwamba ana homa. Rafiki yake akasimama akasema wazi kwamba hana homa. Hana pesa ya sare, na ameona haya kuja na nguo nyingine.

Pakawa na kimya, kisha maneno yakaja yote kwa pamoja. Wengine walisema sare iondolewe leo hii. Wengine wakasema sare ndiyo inayowafanya waonekane kitu kimoja. Bila sare ni wanawake tu waliokaa kula. Nikamkumbuka Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alipiga kelele sana juu ya israfu za harusi na ngoma, huku akihimiza mabinti wasomeshwe. Zamani nilipomsoma nilimwona mzee anayewanyima wanawake raha yao. Chumbani mle nilimpa nusu ya haki. Chama kinachomlisha kila mtu kinaweza pia kumfungia nje yule asiyeweza kulisha, na yeye hatasema amefungiwa; atasema ana homa.

Katibu, ambaye nilishaanza kumwogopa, akasema, "Tukitoa sare, picha itapendeza vipi?"

Bi mkubwa wa Kibokoni, aliyekuja na mkwewe na kukaa kimya muda wote akitafuna tambuu, akainua kichwa. "Kwani picha huliwa?"

Walicheka hadi wengine wakaegemeana. Wakapitisha kwamba kila mtu atavaa leso yoyote aliyonayo, mradi iwe imefuliwa, na faini ya asiyekuja itabaki palepale. Simu ya Mikindani ikapigwa mbele ya wote, ikawekwa sauti kubwa. "Homa imepoa?" wakamuuliza. Akajibu, "Imeanza kushuka nikisikia biriani," na akaambiwa atahifadhiwa sahani.

Baada ya swala ya magharibi simu zote zilikusanywa kwenye kikapu cha ukindu na kuwekwa jikoni. Hii ni sheria yao na sikuwahi kuisikia kabla. Kinachosimuliwa kwa watu wote husimuliwa kwa simu. Kinachobaki husimuliwa mle, mlango ukiwa umerudishwa, na hakiandikwi. Kwa hiyo nami siandiki. Nitasema tu kwamba yalikuwa mazito kuliko gesi na madrasa, kwamba mtu mmoja alilia na wengine wawili wakajua la kumwambia kwa kuwa yalishawapata, na kwamba kabla ya kuondoka shauri lilikuwa limepatikana la nani atakwenda naye kwa kadhi na nani atakaa na watoto siku hiyo.

Kisha wakacheza. Muziki wa chakacha ulitoka kwenye spika ndogo, leso zikafungwa viunoni, na wenye aibu walikuwa wa kwanza kuinuka. Bi mkubwa alitazama kwa muda, akakunja uso kama anavyoukunjia moto mwingi, akaomba spika izimwe. Akasimama ukutani. Mkono wa kulia ukatoka mbele, kiganja kikapinduka, ukarudi. Wa kushoto ukafuata nusu hatua nyuma yake. Mwili haukwenda popote. "Nyinyi mwatumia kiuno mpaka kinachoka," alisema. "Sisi twalicheza usiku kucha." Mabinti walijipanga safu nyuma yake kujaribu, wakashindwa, kwa sababu kila walipotuliza kiuno mikono nayo iligoma. Alikaa chini baada ya muda mfupi, magoti hayakumruhusu zaidi, akadai chai yenye tangawizi.

Tulianza kufunga vyombo. Nilikabidhiwa mfuko: leso jozi moja, imeshapindwa, mahamri ya safari, achari ya maembe kwenye chupa, na bakuli la mwenyeji wangu lenye mfuniko, limejaa katlesi. Nilishukuru kama mgeni anavyoshukuru, nikidhani shughuli imekwisha. Katibu alikuwa bado na kalamu.

"Mkutano ujao tulisema Malindi," alisema bila kunitazama. "Lakini bi mkubwa ana ndugu zake Chumbageni hajawaona tangu waolewe. Na Muheza, nasikia, machungwa huokotwa tu njiani."

"Hayaokotwi, mama, huuzwa," nilisema.

"Vyema. Utanunua." Akaandika. "Mgeni wa Tanga: wali wa nazi, samaki, machungwa. Watu kumi na wanane, na wa Mikindani kumi na tisa. Pa kulala, kwake. Tarehe ataitoa yeye."

Nikamwambia nyumba yangu ina vyumba viwili na kimoja kinavuja.

"Na mikeka miwili," akamwambia msaidizi wake, "tuandike tuje nayo."